UZI: Kijana wa mizinga aliyepanda meli Kilindini, Februari 1944

Ndugu wanajukwaa,

Tarehe 12 Februari 2024 nilitoka Kariokor na baba yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 72, tukaenda hadi kwenye makaburi ya vita yaliyoko Barabara ya Ngong. Baba hakuwa amewahi kuingia humo, ingawa ameishi Nairobi tangu ujana wake na amepita mbele ya lango lile mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Tulitembea polepole katikati ya safu za mawe hadi kwenye ukumbusho wa Afrika Mashariki, mahali palipoorodheshwa majina ya askari ambao hawana kaburi linalojulikana. Tulipolipata jina tulilokuwa tukilitafuta, baba alivua kofia akasimama kimya, kwa sababu lilikuwa jina lake mwenyewe.

Mwenye jina hilo wa kwanza alikuwa kaka mkubwa wa babu yangu. Sitaliandika hapa, kwa kuwa baba ameniomba nisilitaje mitandaoni, kwa hiyo katika uzi huu nitamwita marehemu "kaka wa babu". Hakuwa jemadari, hakupata nishani, wala hakuishi miaka mingi. Nimeamua kuandika kwa sababu kila tunapozungumzia vita vile tunataja idadi, kwamba Kenya ilitoa karibu askari laki moja, kisha tunapita. Nimechoka kumwona kijana wa watu akimezwa na hiyo laki moja. Alikuwa na mama, alikuwa na deni la shilingi chache kwa fundi cherehani wa Pumwani, na alikuwa na ng'ombe mwekundu ambaye alimwacha nyumbani akiwa na mimba.

Alizaliwa Ukambani, upande wa Machakos, miaka michache baada ya vita vya kwanza vya dunia. Alipokuwa na umri wa kama miaka kumi na sita, serikali ya kikoloni iliagiza mifugo ya Wakamba ipunguzwe kwa nguvu, kwa hoja kwamba malisho yameisha na udongo unamomonyoka, na wakati huohuo kiwanda cha nyama kilikuwa kimejengwa Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wa bei rahisi. Katikati ya mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza watu zaidi ya elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, wakatembea zaidi ya kilomita 60 hadi Nairobi kutaka kuonana na gavana, wakapiga kambi mjini kwa majuma kadhaa. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa kuzuiliwa Lamu, lakini serikali ililazimika kulegeza amri yake. Leo wengi wetu tunalijua jina lake kwa sababu ya mtaa wa katikati ya jiji tunakonunua maua, na ningependa anayepita hapo ajue kwamba mtaa ule umebeba jina la mtu aliyedai ng'ombe wa watu warudishwe.

Babu, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa miaka kumi, alikuwa akisimulia kwamba kaka yake alikwenda na waandamanaji wale akiwa amebeba kibuyu cha maji cha mama yao, na kwamba aliporudi hakuwa tena mtu wa kukaa kijijini. Alikuwa ameiona Nairobi. Mwaka 1940 alirudi mjini na kipande chake kifuani, yaani kitambulisho ambacho serikali ilimlazimisha Mwafrika kutembea nacho, akapata kibarua katika karakana moja ya magari, akalala Pumwani katika chumba cha watu wanne. Mshahara wake ulimtosha kula na kupeleka kidogo nyumbani, basi.

Kilichomfanya ajiandikishe mwaka 1942 nimekisikia kwa babu mara nyingi, tena bila kubadilika. Mvua ilikuwa imekosekana, chakula kikaadimika karibu nchi nzima, na mama yao alikuwa na watoto wadogo watatu. Askari alikuwa na mshahara wa hakika, na aliweza kuacha sehemu ya mshahara huo ikalipwa kwa mzazi wake kila mwezi kwenye boma la wilaya. Lakini babu hakuishia kwenye njaa. Alisema kaka yake alikuwa amechoka kusimamishwa njiani na kuulizwa kipande, akaona kwamba mtu aliyevaa sare na viatu hasimamishwi ovyo. Kwa kijana wa miaka ishirini, nadhani jambo hilo lilikuwa na uzito sawa na mshahara. Wapo waliochukuliwa kwa lazima, hasa wale wa panyako, kikosi cha vibarua wa jeshi, waliopelekwa kuchimba na kubeba, na wapo waliosukumwa na machifu waliotakiwa kutimiza idadi. Yeye alijipeleka mwenyewe, akapimwa kifua na meno, akatia kidole gumba kwenye karatasi ijapokuwa alijua kuandika jina lake, kwa sababu hakuna aliyemuuliza kama anajua.

Hakupangwa Keya, yaani jeshi la miguu la King's African Rifles, kama vijana wengine wa kwetu. Alipangwa katika mizinga, na baadaye akawa katika Kikosi cha 301 cha mizinga ya Afrika Mashariki. Kazi ya mizinga ilimpendeza mno, na hapa ndipo ninapomwona vizuri zaidi. Mzinga haupigwi kwa macho. Mara nyingi anayeufyatua hamwoni anayempiga, na kwa hiyo lazima wawepo wanaopima umbali, wanaopokea hesabu kwa simu na wanaozigeuza kuwa pembe ya kuinamishia mtutu. Kijana ambaye shule yake iliishia darasa la tatu la misheni aligundua kwamba hesabu zinamkubali. Alimwambia babu alipokuja likizo kwamba vita vikiisha atatafuta kazi ya kupima ardhi, akafuata wapimaji wa serikali akibeba vyombo vyao hadi siku atakapoachiwa ashike darubini mwenyewe. Picha yake tunayo, iliyopigwa katika studio moja ya mjini. Amevaa kofia pana iliyokunjwa upande mmoja, mikono ameibana mgongoni, na shati limemkaa vizuri kwa sababu lilirekebishwa na yule fundi wa Pumwani aliyekuwa bado anamdai.

Barua iliyobaki ni moja tu, ya Januari 1944, kwa Kiswahili cha kambini. Anawasalimu wote kwa majina. Anamwagiza babu akalipe lile deni. Anauliza kama ng'ombe mwekundu amezaa na kama ndama ni jike. Mwishoni anasema kwamba wanasafiri na haruhusiwi kutaja waendako.

Sehemu ya pili: meli

Waendako palikuwa Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka, na kutoka huko wangepelekwa Burma kuungana na askari wengine wa Afrika Mashariki waliokuwa wakijiandaa kupigana na Wajapani. Walipanda meli katika bandari ya Kilindini, Mombasa, mwanzoni mwa Februari 1944. Meli yao iliitwa Khedive Ismail. Ilijengwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, baadaye ikauzwa kwa kampuni ya Misri, kisha Waingereza wakaichukua kusafirishia askari. Ilikuwa katika msafara wa meli tano, ukilindwa na manowari. Ndani yake walikuwemo watu zaidi ya 1,500, na kati yao 996 walikuwa wa Kikosi cha 301. Walikuwemo pia wanamaji wa Uingereza, wauguzi zaidi ya hamsini pamoja na wanawake wengine waliokuwa kazini, na mwandishi wa vita Kenneth Gandar-Dower, mtu aliyepata sifa kabla ya vita kwa kuchukua duma kutoka Kenya akawapeleka Uingereza kushindanishwa mbio. Habari zake zinapatikana kwa urahisi, pamoja na picha za duma wake. Sina kinyongo naye, naye alikufa siku ileile. Natamani tu kwamba mmoja wa wale 996 angepata japo ukurasa.

Siku ya Jumamosi, tarehe 12 Februari, mapema alasiri, msafara ulikuwa katika mlango bahari wa kusini mwa visiwa vya Maldives. Nyambizi ya Wajapani iitwayo I-27 ilikuwa imeotea. Abiria wengi walikuwa ukumbini wakiburudishwa kwa muziki, na wengine wengi walikuwa chini ya sitaha. Mlinzi wa zamu aliiona darubini ya nyambizi ikichomoza majini, akapiga kelele, na mizinga ya meli ikaanza kufyatua, lakini wakati huohuo nyambizi ilikuwa imekwisha rusha torpedo nne. Mbili zilipiga. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili au tatu. Ukitaka kujua muda huo ni mfupi kiasi gani, simama chini ya jengo la ghorofa tano, kisha panda ngazi hadi juu huku ukiwaza kwamba ngazi zimelala upande, taa zimezimika na maji yanakufuata. Waliookoka ni wanaume 208 na wanawake 6. Karibu watu 1,300 walikufa.

Mwaka 1946 mwenzake mmoja wa kikosi, aliyekuwa miongoni mwa waliookolewa, alifika nyumbani kwetu kwa miguu kutoka stesheni ya reli. Mama yao alimpikia, akamsikiliza akisema kwamba kijana wake alikuwa mtu mwema na hakuteseka. Baadaye jioni mgeni yule alimchukua babu hadi nyuma ya ghala la mahindi, wakati huo babu akiwa na miaka kumi na minane, akamweleza yaliyobaki. Alisema bahari ilimsumbua kaka yake tangu walipoiacha Kilindini, hali chakula, na kwamba siku ile alikuwa amelala chini huku yeye, rafiki yake, akiwa juu akipunga upepo. Alisema hakumwona tena.

Kisha akamweleza jambo ambalo babu alilibeba zaidi ya miaka hamsini kabla ya kumwambia baba. Wakati waliookoka walipokuwa wakielea juu ya vipande vya mbao na mafuta yamewajaa machoni, nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Manowari moja, Paladin, ilishusha mashua ili iwaokoe. Nyingine, Petard, ilipita ikimwaga mabomu yanayolipukia chini ya maji, na mabomu yale yaliwaua watu waliokuwa wakisubiri kuokolewa. Mapambano yaliendelea kwa saa kadhaa hadi nyambizi ilipolazimika kuibuka, na hatimaye torpedo ya saba ya Petard ikaizamisha.

Nimesoma mengi kuhusu uamuzi ule. Nyambizi ikiachwa ingeweza kuzamisha meli nyingine nne zilizojaa watu, na nahodha alijua hivyo. Sithubutu kumhukumu mtu aliyelazimika kuchagua kati ya mambo hayo mawili kwa dakika chache. Ila kila ninaposoma masimulizi yanayoisifu Petard kwa ushindi ule, nakumbuka kwamba mgeni wetu alikuwa ndani ya maji yale, na kwamba hadi anaondoka nyumbani kwetu hakuweza kusikia kwa sikio la kushoto.

Sehemu ya tatu: nyumbani

Mama yao, ambaye baba na ndugu zake walimwita susu kama tunavyowaita mabibi kwa Kikamba, hakupata habari ya kifo kwanza. Kwanza alikosa pesa. Alikuwa akitembea nusu siku kila mwezi kwenda bomani kuchukua sehemu ya mshahara aliyoachiwa, na mwezi mmoja karani alimwambia hakuna kitu kwa jina lake, arudi mwezi ujao. Alirudi mwezi uliofuata, akaambiwa vilevile. Watu waliokuwa foleni walianza kumpisha na kumtazama chini, na nadhani walielewa kabla yake. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha wakati chifu alipofika na karatasi.

Kwa mila zetu, kijana akifa kabla ya kuoa, jamaa zake wanaweza kumwolea mke, ili watoto watakaozaliwa waitwe wake na jina lisipotee. Wazee walimshauri susu afanye hivyo. Alikataa kwa miaka saba. Alisema hawezi kumwolea mke mtu ambaye hajamwona akiwa maiti, na kwamba bahari ni kubwa, huenda aliokolewa na wavuvi wa nchi ya mbali asiyejua lugha yao. Kila lori liliposimama barabarani usiku, alitoka nje.

Mwaka 1951 babu alipata mtoto wa pili wa kiume. Susu alimchukua mtoto mikononi, akakaa naye muda mrefu, kisha yeye mwenyewe akamwita kwa jina la mwanawe. Hakusema kitu kingine, na ndani ya nyumba wote walijua kwamba sasa amekubali. Huyo mtoto ndiye niliyekwenda naye Barabara ya Ngong.

Nimemaliza kwa leo. Nitajibu maswali kadiri nitakavyoweza.

Mchangiaji, Mombasa:

Shikamoo ndugu, nimesoma hadi mwisho. Nataka kuongeza upande wa kwetu. Mababu zetu waliokuwa makuli Kilindini waliwaona askari hao wakipanda meli mwaka baada ya mwaka. Wajapani walipoishambulia Ceylon kwa ndege mwezi Aprili 1942, manowari za Waingereza zilihamia Kilindini, na Mombasa ikageuka kuwa kituo kikuu cha vita katika bahari yetu. Hata Shule ya Allidina Visram ilichukuliwa, na ndani yake watu walikaa usiku na mchana wakisikiliza mawasiliano ya redio ya Wajapani na kufumbua mafumbo yake. Babu yangu alisema kwamba vijana kutoka bara waliifahamu bahari kwa mara ya kwanza pale gatini, na wengine waliionja maji kuhakikisha kama kweli ina chumvi. Mungu amrehemu mzee wenu.

Mwanzilishi wa uzi:

Marahaba, na shukrani. Hilo la kuonja maji sikuwa nimewahi kulisikia. Nitamsomea baba.

Mchangiaji, Pumwani:

Ndugu, nakupa pole, lakini niruhusu niseme kinachonikera. Huyu kijana alikwenda kupigania mfalme aliyemnyima haki yake. Serikali ileile iliyotaka kuchukua ng'ombe wa Wakamba mwaka 1938 ndiyo iliyomvisha sare mwaka 1942. Miaka minane baada ya kifo chake, askari waliovaa sare ya Keya walikuwa wakiwasaka ndugu zetu wa Mau Mau msituni. Kwa nini tumlilie mtu wa jeshi la mkoloni, wakati wapo wapigania uhuru wetu ambao hadi leo makaburi yao hayajulikani? Sisemi kwa chuki. Nataka kuelewa.

Mwanzilishi wa uzi:

Swali lako ni la haki, na nimeishi nalo tangu nikiwa shuleni, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Kwanza, nakubali kila tukio ulilolitaja. Hata malipo yalipangwa kwa rangi: vita vilipokwisha, bahashishi ya askari Mwafrika kwa kila mwezi aliotumikia ilikuwa chini ya nusu ya ile ya askari mzungu wa cheo kilekile aliyeishi katika makoloni haya haya. Wote walikula hatari sawa. Simtetei mtu aliyepanga hivyo.

Lakini ukimtazama kijana mwenyewe, ukaiacha bendera iliyokuwa juu yake kwa muda, utamwona mtu aliyetafuta mlango katika ukuta. Milango iliyokuwapo yote ilikuwa ya mkoloni: karakana, shamba la setla, boma, jeshi. Alichagua ule uliompa mama yake pesa za kununulia mahindi. Tukisema asililiwe kwa sababu alipitia mlango huo, itatubidi tuwakatae pia vibarua wa reli, makarani, walimu wa misheni na karibu kila mtu aliyetuzaa.

Tena usisahau ni nani waliorudi. Wale waliotangulia kufika Ceylon na kupigana katika Divisheni ya 11 walipita Bonde la Kabaw katika mvua na malaria mwaka 1944, wakafika Kalewa mwezi Desemba, wakavuka mto Chindwin. Miongoni mwa Wakenya waliopigana Burma alikuwa Waruhiu Itote, ambaye sote tunamfahamu kama Jenerali China wa Mau Mau. Alijifunza huko kwamba mzungu anaogopa, anaumia na kufa kama mtu yeyote, akarudi na ujuzi wa vita vya msituni, nawe unajua alikoutumia. Jeshi lilelile, sare ileile. Kaka wa babu alikufa akiwa na miaka ishirini na miwili au mitatu, kabla hajapewa nafasi ya kurudi na kuamua atakuwa upande gani. Mtu aliyekwenda na Muindi Mbingu akiwa kijana wa kibuyu cha maji, mimi nina imani kuhusu upande ambao angeuchagua, lakini sitamlazimisha marehemu awe shujaa ili astahili kuliliwa na jamaa zake.

Kuhusu wapigania uhuru wasio na makaburi, niko pamoja nawe kabisa. Machozi ya susu hayakupunguza ya mama mwingine.

Mchangiaji, Pumwani:

Nimekuelewa, na hilo la kibuyu limenigusa. Bado naudhika, ila si na kijana. Naudhika na waliompandisha meli.

Mchangiaji, Kisumu:

Mwalimu (nadhani wewe ni mwalimu kwa jinsi unavyoandika), sisi kwetu tuna mzee aliyekwenda panyako na hakurudi. Nimewahi kuingia Barabara ya Ngong nikatafuta jina lake nikalikosa. Je, ulitumia njia gani? Na je, kuna uwezekano kwamba hakuandikwa kabisa?

Mwanzilishi wa uzi:

Mimi ni mhasibu, lakini asante. Nasi tulilikosa mara ya kwanza, mwaka 2016, kwa sababu tulilitafuta jinsi tunavyoliandika sisi. Lugha kama Kikamba na Kikuyu zina irabu saba, na zile mbili ambazo Kiswahili hakina husikika na karani mgeni kama "i" au "e", na kama "u" au "o". Jina letu lilikuwa limeandikwa kwa "o" mahali petu pa "u", na herufi moja ya katikati ilikuwa imeachwa. Kwa hiyo usianze na jina. Anza na kikosi na tarehe ya kifo, kama nyumbani kuna karatasi yoyote, hata bahasha. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha kwenye intaneti ambayo unaweza kuichuja kwa tarehe, kwa nchi ya ukumbusho na kwa kikosi. Mimi nilichuja kwa tarehe 12 Februari 1944 pekee, nikasoma majina yote mmoja baada ya mwingine kwa usiku mbili, nikiyatamka kwa sauti. Jina letu nililitambua kwa sikio kabla ya kulitambua kwa macho. Kwa Kijaluo tatizo linaweza kuwa tofauti, lakini njia ya kusoma kwa sauti nakushauri uijaribu. Kumbuka pia kwamba ukumbusho wa Barabara ya Ngong una sehemu tu ya waliokufa: kama mzee wenu alifia Burma au Afrika Kaskazini, jina lake litatafutwa kwenye kumbukumbu za huko.

Kuhusu kutoandikwa, inawezekana, hasa akiwa wa vita vya kwanza. Tume hiyo yenyewe ilikiri katika ripoti yake ya Aprili 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, huenda hata kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mimi naishi Kariokor, mtaa ambao jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa vita hivyo. Pale Kenyatta Avenue zimesimama sanamu za askari na mpagazi, na maandishi yake, Kiswahili kikiwemo, yanamwahidi anayepigania nchi yake kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Chini ya ahadi hiyo hakuna jina hata moja. Nimewahi kusimama pale nikashikwa na hasira hadi nikaondoka. Kwa hiyo tulipolipata jina letu, ijapokuwa lina makosa ya herufi, nilijua kwamba tumepata kitu ambacho maelfu ya jamaa za wapagazi hawatakipata.

Mchangiaji, Kisumu:

Nitajaribu kwa sauti. Mzee wetu nadhani ni wa vita vya pili, bahasha ipo kwa shangazi Siaya. Nitaleta mrejesho hapahapa.

Mchangiaji, Machakos:

Kaka, pole sana. Susu wangu naye alikuwa na kawaida ya kutoka nje akisikia lori, na sikuwahi kuuliza ni kwa nini. Alikuwa na ndugu yake aliyekwenda vitani. Leo nitampigia mama simu nimuulize. Nina maswali mawili madogo. Je, deni la fundi lililipwa? Na je, yule ng'ombe mwekundu alizaa?

Mwanzilishi wa uzi:

Deni lililipwa. Babu alikuja Nairobi mwaka 1945, akamtafuta fundi Pumwani, akamkuta bado yuko kwenye cherehani yake. Fundi alipoambiwa habari alikataa kupokea pesa, na babu naye akakataa kuondoka nazo, kwa sababu alikuwa ameagizwa na kaka yake. Walibishana hadi jioni. Mwishowe fundi alizipokea, akamshonea babu kaptura ya shule kwa kitambaa chake mwenyewe.

Ng'ombe alizaa mwezi wa tatu mwaka 1944, mvua zikianza, na ndama alikuwa jike. Susu alifurahi sana, akamtuma babu kwa mwalimu wa misheni ili iandikwe barua ya kumjulisha askari kwamba ng'ombe amezaa vizuri, ndama ni jike, ni mwekundu kama mama yake, na kwamba hatauzwa hadi atakaporudi mwenyewe. Barua ilipelekwa bomani wiki hiyohiyo. Wakati huo hawakuwa wameambiwa kitu, na yeye alikuwa amekufa kwa zaidi ya mwezi mmoja. Ndama yule hakuuzwa. Baba anamkumbuka akiwa ng'ombe mzee, kipofu wa jicho moja, akilala karibu na mlango wa susu.